Tiba ya "aptama za DNA" kwa mzee mwenye kansa ya tezi dume: tuuze kiwanja?

"Shikamoo dokta. Baba yetu ana miaka 67, mwaka jana aligundulika na kansa ya tezi dume, PSA (kile kipimo cha damu cha tezi dume) ilikuwa 84 na skani ya mifupa ikaonyesha imeshafika kwenye nyonga na uti wa mgongo. Anachomwa sindano ya homoni ya Zoladex kila miezi mitatu, kipimo cha mwisho PSA imeshuka mpaka 6. Sasa kuna mtu katutumia WhatsApp tangazo la kliniki ya nje, wanasema wana tiba ya 'aptama za DNA' inayoenda kwenye seli za kansa tu, haina madhara, na inaonyesha kansa popote ilipojificha mwilini. Bei dola 18,000. Kaka zangu wanataka tuuze kiwanja cha Kibaha. Daktari wake anasema hajawahi kuona hiyo kitu. Mimi naogopa, wakimwekea hiyo DNA si itabadilisha DNA yake? Na sisi watoto wake je? Hicho kitu kipo kweli au tunapigwa?"

Marahaba dada yangu, na pole sana na kuuguza. Nianze na jibu lenyewe ili usisome kwa presha: aptama zipo kweli, ni sayansi halali kabisa na mimi binafsi naipenda, ila mpaka leo hakuna aptama hata moja iliyoidhinishwa kutibu kansa ya tezi dume, wala kansa nyingine yoyote. Hilo tangazo limechukua vitu vitatu tofauti, kimoja kinafanya kazi hospitalini, kingine kiko kwenye utafiti, cha tatu ni maneno ya biashara, wakavichanganya wakaviwekea bei moja. Kwa hiyo kiwanja kisiuzwe kwanza. Najua kaka zako watakuuliza "yeye anajuaje", ndo maana nitaeleza taratibu, wasomeshe na wao.

Tuanze na hofu yako ya DNA maana ndo inayokunyima usingizi. Watu tukisikia DNA tunawaza urithi, kubadilishwa, vitu vya kutisha. Aptama haina habari na urithi. Ni kipande kifupi cha DNA au RNA, mara nyingi herufi 20 mpaka 80 hivi, kinachotengenezwa kwa mashine maabara, na ndani yake hakuna jeni hata moja, hakuna maelekezo ambayo seli inaweza kusoma. Kinachofanya kazi pale ni umbo. Kile kiuzi kikiwa kwenye maji yenye chumvi kinajikunja chenyewe, herufi zinashikana zenyewe kwa zenyewe, kinatokea kitu chenye mabonde na vipembe, na hilo umbo likikutana na protini inayolingana nalo linaing'ang'ania. Basi. Haijiungi na DNA ya baba yako, inamaliza kazi inakatwakatwa na inatoka kwa mkojo. Nyie watoto haiwahusu kabisa.

Ila kwa kuwa umegusa urithi ngoja niseme hili pembeni, maana familia nyingi haziambiwi. Baadhi ya wanaume wenye kansa ya tezi dume iliyosambaa wana hitilafu ya kurithi kwenye jeni kama BRCA2, na hiyo inawagusa watoto wa kiume na wa kike pia, kwa wanawake inaongeza hatari ya kansa ya titi na ya ovari. Kwa hiyo kaka zako wakifika 40 na kitu waongee na daktari kuhusu kupima PSA, na wewe kama kwenye ukoo kuna shangazi au bibi aliyeugua titi, mwambie daktari. Hiyo ndo DNA ya kuifikiria, hiyo ya kwenye tangazo achana nayo.

Sasa hizi aptama zinapatikanaje. Mwaka 1990 makundi mawili Marekani yalifika sehemu moja kwa njia zinazofanana, Craig Tuerk na Larry Gold kule Colorado, na Andrew Ellington na Jack Szostak kule Boston. Njia yenyewe inaitwa SELEX. Unaanza na mchanganyiko wa vipande vya bahati nasibu, vingi mno, trilioni mia moja na kuendelea, kila kimoja na mpangilio wake wa herufi. Unavikutanisha na protini unayoitaka, vilivyoshika unabaki navyo, visivyoshika unaosha unamwaga, halafu vile vilivyobaki unavizalisha vinakuwa vingi tena, unarudia. Ni kama kupeta mchele kwenye ungo, mara ya kwanza zinatoka pumba nyingi, ya pili kidogo, ukirudia mara nane, kumi, mara nyingine zaidi ya hapo, unabaki na punje chache safi. Wengine hawatumii hata protini, wanatumia seli nzima ya kansa: wanachagua vinavyoshika seli mgonjwa, halafu wanaondoa vinavyoshika na seli nzima isiyo na ugonjwa. Uzuri wake huhitaji kujua mapema protini gani ina tofauti, vipande vyenyewe vinakutafutia.

Kwa nini wanasayansi wanachangamkia kitu hiki wakati kingamwili, zile protini za ulinzi wa mwili, zipo na zinafanya kazi hiyohiyo ya kutafuta na kushika? Kwanza ni ndogo, kwa uzito aptama ni kama sehemu ya kumi tu ya kingamwili, kwa hiyo inapenya ndani ya uvimbe kwa urahisi zaidi. Pili inatengenezwa kwa kemia tupu, haihitaji wanyama wala seli hai, na unaweza kubandika kitu mwishoni mwake, rangi, dawa, madini ya mionzi, pale pale unapotaka. Tatu, na hii mimi huwa inanifurahisha, unaweza kuitengenezea dawa ya kuizima: ukijua mpangilio wa herufi zake unatengeneza kipande cha pili kinacholingana nazo, unachoma, vinashikana na aptama inapoteza umbo, kazi imekwisha. Kingamwili haikupi urahisi huo.

Ukisoma hapo utasema sasa mbona hospitalini hatuzioni? Hapa ndo pana kazi, na ndo sehemu ambayo matangazo yanairuka.

Kushika protini kwenye kichupa ni rahisi. Shida ni kukaa mwilini. Damu yetu imejaa vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kukatakata DNA na RNA zinazozurura hovyo, na ni vizuri viwepo, ni sehemu ya ulinzi. RNA ya kawaida ukiichoma kwenye mshipa inamalizwa ndani ya dakika chache. Wakemia wakajifunza kubadilisha sehemu ndogo za sukari kwenye ule uzi, wanaweka florini au kikundi cha methili, vimeng'enya vinashindwa kuuma. Sawa, tatizo moja limepungua, linakuja la pili: kwa ule udogo wake figo zinaichuja na kuitoa haraka. Ili ikae wakaibebesha mnyororo mkubwa wa PEG, plastiki fulani laini inayoyeyuka kwenye maji. Hapo sasa inakaa, lakini kumbe watu wengi wana kingamwili dhidi ya PEG maana iko kwenye vipodozi na dawa nyingi tu tunazotumia. Kulikuwa na dawa ya aptama ya kuzuia damu kuganda, ilikuja pamoja na dawa yake ya kuizima kama nilivyosema, ikajaribiwa kwa wagonjwa wa moyo zaidi ya 3,000. Mwaka 2014 jaribio likasimamishwa kwa sababu baadhi walipata aleji kali ya kutishia maisha, na uchunguzi uliofuata uliielekea PEG. Kwa hiyo mtu akikuambia "haina madhara kwa sababu ni DNA ya asili", huyo ama hajasoma ama anajua na anakuficha.

Zilizofanikiwa mpaka kuidhinishwa Marekani ni mbili, na zote ni za macho. Pegaptanib, kwa jina la biashara Macugen, Desemba 2004, na avacincaptad pegol, Izervay, Agosti 2023. Zote zinachomwa ndani ya jicho kwa watu wazima ambao sehemu ya nyuma ya jicho inachakaa. Kwa nini jicho? Kwa sababu ni chumba kilichofungwa, dozi ndogo inatosha, na haizunguki mwili mzima kabla haijafika inakotakiwa. Na hata Macugen yenyewe haikudumu sana sokoni, miaka miwili baadaye zikaja dawa za jamii ya kingamwili zilizofanya vizuri zaidi, madaktari wakahamia huko. Sikuambii hivi kuwavunja moyo, nakuonyesha tu kwamba kuidhinishwa ni jambo moja na kushinda dawa zilizopo ni jambo lingine.

Sasa tuje kwa mzee. Seli za kansa ya tezi dume nyingi zinakuwa na protini inaitwa PSMA juu ya ngozi yake, nyingi kuliko seli za kawaida, kwa hiyo ni shabaha nzuri. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walitoa aptama za kwanza za kushika PSMA, moja inaitwa A10, na kusema kweli ilisisimua watu. Mwaka 2006 kundi lingine la Boston likaibandika A10 juu ya vichembe vidogo mno vyenye dawa ya kemo docetaxel, wakachoma kwenye uvimbe wa panya, na panya wengi uvimbe ukaisha kabisa. Panya lakini. Na kumbuka walichoma moja kwa moja kwenye uvimbe, siyo kwenye mshipa. Halafu angalia kilichofuata, maana kina funzo kuliko hadithi ya panya: kazi hiyo ilipokuja kuwa kampuni na kufika kwa binadamu, vile vichembe vilivyojaribiwa kwa wagonjwa havikuwa na aptama tena, waliweka kimolekuli kidogo cha kemia kinachoshika PSMA hiyohiyo. Kitu kidogo, rahisi, hakiogopi vimeng'enya. Walioijua aptama vizuri kuliko wengine ndo walioiacha pembeni.

Nyingine iliyofika mbali kwa kansa ni AS1411, kipande cha DNA cha herufi 26. Walijaribu kwa wagonjwa 35 wenye kansa ya figo iliyosambaa, ambao dawa nyingine zilishashindwa. Mmoja tu ndo uvimbe wake ulipungua, na kwa yeye ulipungua sana na kwa muda mrefu, ila mmoja kati ya 35 hiyo siyo tiba ya kuuzia kiwanja. Pia kuna ugumu ambao hauonekani kwa nje: hata aptama ikifika na kushika seli, seli ikiimeza inaifungia kwenye kifuko ndani yake, na mzigo wake mwingi unaishia humo bila kutoka kufanya kazi.

Kwenye picha ndo mimi nina matumaini zaidi, na hapa sitaki nikudanganye kwa upande mwingine pia. Fikiria ule udhaifu wa kutoka mwilini haraka. Kwa dawa ni balaa. Kwa picha ni faida kubwa. Unapompiga mtu picha ya mionzi unataka kile kitu kinachong'aa kishike uvimbe halafu kingine chote kitoke kwenye damu upesi, ili uvimbe uonekane peke yake. Kingamwili inazunguka siku kadhaa, mgonjwa anachomwa leo anarudi kupigwa picha siku nne tano baadaye. Aptama inasafisha damu mapema, kwa hiyo inaendana na madini ya mionzi yanayokwisha nguvu haraka kama galiamu 68, ambayo nguvu yake inapungua nusu kila dakika 68, mtu anachomwa na kupigwa picha siku hiyohiyo. Mwaka 2006 walionyesha hili kwa panya kwa aptama inayoitwa TTA1 iliyobandikwa madini ya mionzi ya teknisiamu, na kule Uchina aptama inaitwa Sgc8 imeshaanza kupimwa kwa watu kwenye skani ya PET, ile picha inayofuata madini ya mionzi mwilini. Kwa hiyo mimi nikiulizwa aptama itaingia wapi kwanza kwenye kansa, nasema chumba cha picha, siyo chumba cha dripu.

Lakini hata hapo kwa tezi dume kuna kikwazo cha kijinga kabisa. Aptama inatokea kwa mkojo, mkojo unakaa kwenye kibofu, na tezi dume iko chini tu ya kibofu. Kibofu kinawaka kama taa kinameza picha ya jirani yake. Kuna namna za kupunguza, mgonjwa anakojoa kwanza, anapewa dawa ya kuongeza mkojo, ila ujue hakuna kipimo "kinachoonyesha kila kitu". Na uvimbe wa milimita mbili tatu unaweza usionekane kwa mashine yoyote ile.

Sasa kile kitu halisi kilichochanganywa humo kwenye tangazo nadhani ni hiki: kuna skani ya PET ya PSMA, ipo, inatumika, Marekani waliiidhinisha Desemba 2020, na kuna tiba ya lutetiamu 177 PSMA, jina la biashara Pluvicto, iliyoidhinishwa Machi 2022. Skani inazitafuta seli, tiba inazipiga kwa mionzi kwa karibu kabisa, ndicho hasa kile tangazo linachosifia. Ila siyo aptama, ni molekuli ndogo za kemia. Na tiba ya lutetiamu ina ushahidi: kwenye jaribio la watu 831 ambao homoni na kemo zilishagoma, waliopewa waliishi kwa wastani wa kati miezi 15.3, wasiopewa 11.3. Ni nafuu ya kweli, siyo kupona. Na madhara yapo, mdomo unakauka maana tezi za mate nazo zina PSMA, uchovu, damu kushuka.

Baba yako anaihitaji sasa hivi? Kwa ulichoandika, hapana. PSA kutoka 84 mpaka 6 maana yake kansa bado inasikia dawa ya homoni. Na skani ya PET ya PSMA, ambayo Nairobi ipo, inaweza kuwaonyesha madoa mengi zaidi ya yale ya skani ya mifupa, lakini mnajua tayari kwamba imesambaa, kwa hiyo haitabadilisha sana tiba ya leo. Hela hiyo ina matumizi bora. Swali la kumpelekea daktari wake ni hili: "Je mzee aongezewe abiraterone au docetaxel juu ya Zoladex?" Tangu 2015 na 2017 tafiti kubwa zimeonyesha kwamba kwa kansa iliyosambaa ambayo bado inasikia homoni, kuongeza mojawapo mapema kunarefusha maisha kuliko homoni peke yake. Abiraterone ni vidonge, kuna za kampuni za India za bei nafuu, inanywewa pamoja na prednisolone na lazima apimwe presha, potasiamu na ini. Docetaxel ni dripu, inataka mwili wenye nguvu kidogo. Ipi inamfaa inategemea moyo wake, sukari, na anavyotembea, hiyo siwezi kuijua nikiwa huku. Muulizeni pia kuhusu kulinda mifupa, maana Zoladex ya muda mrefu inaidhoofisha. Kama hospitali mliyopo haina daktari wa kansa ombeni rufaa Ocean Road, Bugando au KCMC, mlipo karibu.

Kaka zako wakisisitiza, wasibishane na wewe, waandikie kliniki yenyewe. Waulize aptama yao inaitwaje na inashika protini gani. Waombe namba ya usajili wa jaribio na barua ya kamati ya maadili ya nchi yao. Waulize kwa nini mgonjwa analipia, maana kwenye jaribio halali dawa inayojaribiwa kwa kawaida hailipiwi na mgonjwa. Wakijibu kwa picha za wagonjwa wanaotabasamu na punguzo la bei mpaka Ijumaa, mmeshapata jibu. Na kwa vyovyote vile mzee asiache Zoladex ili "kusafisha mwili" kabla ya tiba nyingine, hilo nimeshaliona linatokea na linaumiza.

La mwisho na hili usingoje kuniandikia. Kansa iko kwenye uti wa mgongo, kwa hiyo mzee akianza maumivu mapya makali ya mgongo, hasa yanayozidi akilala, miguu ikawa mizito au inakufa ganzi, akashindwa kukojoa au kuzuia choo, mpelekeni hospitali kubwa siku hiyohiyo hata kama ni saa nane usiku, semeni pale mapokezi "ana kansa ya tezi dume iliyofika uti wa mgongo na miguu inaishiwa nguvu". Ikitibiwa ndani ya masaa anaweza kuendelea kutembea, ikingoja Jumatatu inaweza isirudi. Homa kwa mtu aliye kwenye kemo nayo ni hivyohivyo. Majibu ya PSA zote na CD ya skani wekeni kwenye bahasha moja, ikae sehemu ambayo kila mtu hapo nyumbani anaijua.